Kinyaa cha Chakula na Heshima ya Mlaji

Miongoni mwa mambo yamkutayo mwalimu wa lugha darasani bila ya kuyatazamia ni hili la chakula. Mwalimu huingia na somo la insha, akaandika ubaoni kichwa kisicho na madhara yoyote, "Chakula Nikipendacho", naye akadhani kwamba atavuna makosa ya tahajia na ya upatanisho wa ngeli, basi. Kumbe amefungua mlango ambao nyuma yake mna ukoo, dini, kabila, umaskini, ukimbizi, na mambo mengine ambayo watu hawapendi kuyataja mbele ya wageni. Sisi tulifungua mlango huo hapa Gatete. Haja yetu katika kurasa hizi ni kueleza tulichokikuta nyuma yake, na kuuliza swali ambalo tangu siku hiyo halijatutoka: je, mtu ana haki ya kuona kinyaa mbele ya chakula cha mwenzake? Na kama anayo, haki hiyo hukomea wapi?

Kwa wasomaji wasiokujua kwetu, tuseme kwamba Gatete iko katika nchi ya Rumonge, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura. Ni nchi ya michikichi na mawese, na ni nchi ya ndagala, wale samaki wadogo ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita dagaa. Usiku usio na mwezi wavuvi huwavuta kwa taa, na asubuhi huanikwa juani hadi wakauke. Mgeni ashukaye kwenye gari siku kama hiyo huziba pua kwa leso. Husema, "Hapa pananuka." Mwenyeji akapita palepale akavuta pumzi kwa furaha, akasema, "Leo panukia." Walimu wenzetu wanajua tofauti ya vitenzi hivyo viwili, kunuka na kunukia. Harufu ni ileile moja, upepo ni uleule mmoja, na samaki ni walewale. Lakini Kiswahili hakimruhusu msemaji aitaje harufu hiyo bila ya kutoa hukumu. Irabu moja tu yatosha kumtenga mgeni na mwenyeji.

Turudi darasani. Ilikuwa mwaka 2010. Wakati huo shule za mwambao huu zilikuwa zimepokea watoto wengi wa familia zilizorejea kutoka Tanzania. Familia hizo zilikimbia mauaji ya mwaka 1972, zikapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Na kuanzia mwaka 2008 nyingi zilirudi, zikiwa na watoto na wajukuu ambao hawakuwahi kuiona Burundi. Watoto hao walikuwa na Kiswahili kizuri kuliko chetu sote, nasi tuliwapenda kwa ajili hiyo. Mmoja wao, kijana wa miaka kumi na mitatu hivi, alisimama kusoma insha yake. Aliandika juu ya mlenda. Alieleza jinsi bibi yake alivyokuwa akiuchuma porini baada ya mvua ya kwanza, akaupika kwa magadi na kuula kwa ugali wa mtama. Alieleza jinsi ulivyokuwa ukivutika kutoka bakulini hadi mdomoni kama uzi, na jinsi walivyokuwa wakishindana, yeye na dada zake, ni nani atakayeweza kuukata uzi huo kwa kidole bila ya kuudondosha. Ilikuwa insha bora kuliko zote tulizosomewa mwaka huo.

Alipofika kwenye uzi, mwanafunzi mmoja wa nyuma aliiga sauti ya mtu anayetapika, akapaza sauti, "Mlenda unachusha!" Darasa zima likaangua kicheko. Nasi, lazima tuungame, tulitabasamu kabla ya kuwanyamazisha. Sababu ni kwamba hata sisi mlenda hautupiti kooni.

Majuma mawili baadaye tuliwataka wanafunzi wanakili insha zao kwa wino, baada ya masahihisho. Yule kijana alituletea ukurasa uliokuwa safi kabisa: "Chakula nikipendacho ni wali na maharage." Hapakuwa na kosa hata moja ndani yake, wala hapakuwa na bibi, wala mvua, wala uzi. Tukampa alama nyingi. Ni jioni, tulipokuwa tukiyapanga madaftari, ndipo tulipotambua kwamba tumemlipa mtoto kwa kumkana bibi yake.

Mtu anaweza kutujibu kwamba aliyeiga sauti ya kutapika hakuwa na hatia, kwa kuwa kinyaa si jambo la hiari. Jibu hilo lina uzito, nasi hatutaki kulipuuza. Mwili una mlinzi wake. Nyama iliyooza hutufukuza kabla ya akili kupata nafasi ya kufikiri, na heri iwe hivyo, maana asiyefukuzwa nayo hufa. Isitoshe, mlinzi huyo hasikii hoja. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Rozin, pamoja na wenzake, walichapisha habari za majaribio ambamo watu waliletewa maji ya matunda, kisha akachovywa ndani yake mende mkavu aliyesafishwa hata akawa hana kijidudu chochote. Watu waliambiwa wazi kwamba mende huyo ni safi. Walielewa, wakakubali kwa akili zao, na bado walikataa kunywa. Nani kati yetu angekunywa?

Lakini mlinzi huyu hakuzaliwa akijua kazi yake. Mtoto wa mwaka mmoja huokota chochote akakitia kinywani, hata kile alichokiacha kuku uwanjani. Ni mama ndiye apigaye kelele na kukunja uso, na uso huo ndio somo lake la kwanza. Baada ya miaka michache mtoto hukunja uso mwenyewe, naye huapa kwamba ndivyo alivyoumbwa. Mtu wa Bukoba hungoja senene wa mwezi wa kumi na moja kama wengine wangojavyo sikukuu. Mtu wa pwani huwatazama akashikwa na kichefuchefu, ilhali yeye mwenyewe hula kamba wa baharini, ambao wana miguu mingi, macho yaliyotokeza na ganda la kubambua. Yule mgeni aliyeziba pua kwa ndagala wetu huenda nyumbani kwao hula jibini ya Roquefort, ambayo Wafaransa huikuza ukungu ndani yake kwa makusudi, na huinunua kwa bei ambayo kwetu ingenunua gunia zima la ndagala. Hatusemi haya ili tumcheke. Twasema tu kwamba kinyaa ni kitu tulichofundishwa, kama lugha ya mama. Hatukukichagua, hatuwezi kukivua kama shati, lakini pia hakikuandikwa katika chakula chenyewe.

Hapo ndipo tulipolikumbuka neno la yule mwanafunzi wa nyuma, nalo ni jambo ambalo walimu wa Kiswahili wanaweza kulifikiria kuliko mtu mwingine yeyote. Hakusema, "Mlenda unanichusha." Alisema, "Mlenda unachusha." Silabi moja ndogo ilikosekana, ile *-ni-* ya mtendwa. Katika sentensi ya kwanza mna watu wawili, mlenda na mimi, na lililotokea limetokea kati yetu. Katika ya pili mimi nimekwisha kujiondoa. Kilichobaki ni mlenda peke yake na aibu yake. Na kama mlenda wachusha wenyewe, basi aulaye ni mtu wa namna gani? Hatua hiyo ya mwisho haikutamkwa na mtu yeyote darasani. Haikuhitaji kutamkwa. Yule kijana aliisikia.

Waislamu wa mwambao wetu wamerithi mfano wa jambo hili ambao twaona haufundishwi vya kutosha. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliandaliwa mjusi mkubwa wa jangwani aliyechomwa, nyumbani kwa mkewe Maimuna. Alipojulishwa ni nyama gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid, aliyekuwapo, akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu, ila mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, kwa hiyo anajiona nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta sahani karibu, akala, na Mtume akimtazama. Angalieni, walimu wenzetu, jinsi jambo lilivyowekwa mahali pake: halikuwekwa juu ya mjusi, wala juu ya Khalid. Lilibaki kwa mwenyewe, na likapewa sababu ambayo kila mtu anayo, yaani nchi aliyolelewa. Wala hakujilazimisha kula ili kumpendeza mtu.

Haramu ni jambo jingine, na mwiko ni jingine pia. (Wanafunzi hufurahi kila mwaka wanapogundua kwamba mwiko ukatazao ugali na mwiko uusongao ni neno moja la kutamkwa.) Asiyekula nguruwe kwa imani yake haombwi athibitishe kwamba nyama hiyo ina ladha mbaya, pengine hajapata hata kuinusa. Lakini tumeona mara nyingi jinsi mambo haya matatu, haramu, mwiko na kinyaa, yanavyovaliana nguo. Mtu huona kinyaa, akakiita haramu ili apate nguvu. Au hukuta haramu, akaigeuza kinyaa, kisha akakitema kinyaa hicho juu ya jirani ambaye dini yake haimkatazi. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 10, Petro akiwa Yafa huonyeshwa nguo iliyojaa wanyama na kuambiwa ale, naye hukataa kwa kuwa tangu azaliwe hajala kitu najisi. Msomaji wa haraka hudhani kwamba habari ile ni ya vyakula. Lakini mara tu maono yanapokwisha, watu wanabisha mlangoni, nao wametumwa na Kornelio, mtu wa mataifa; na Petro mwenyewe ndiye asemaye baadaye kwamba amefundishwa asimwite *mtu* yeyote najisi. Sahani na mtu vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja.

Charles Darwin aliiona kamba hiyo, ingawa hatuna hakika kama alitambua imemfunga yeye pia. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya maonyesho ya hisia, anasimulia kwamba huko Tierra del Fuego, kusini kabisa ya Amerika, mwenyeji mmoja aliigusa kwa kidole nyama baridi ya kopo aliyokuwa akiila Darwin, akaonyesha wazi kuchukizwa na ulaini wake. Naye Darwin akachukizwa kwa sababu chakula chake kimeguswa na mtu aliyekuwa uchi, ingawa, asema mwenyewe, mikono ya mtu huyo haikuonekana kuwa michafu. Mmoja alichukizwa na nyama. Mwingine alichukizwa na mtu.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika Burundi na Rwanda, kwa desturi ya zamani, nyama ya kondoo ilidharauliwa na watu wengi, ikahesabiwa kuwa chakula cha Batwa. Waislamu wa Rumonge wachinjao kondoo siku ya Idi huyasikia maneno haya kwa mshangao. Lakini dharau haikukomea kwa kondoo. Batwa hawakualikwa kukaa pamoja na wengine kwenye mtungi wa pombe. Hawakushirikishwa kata wala mrija. Chombo walichokinywea waliachiwa wao. Kirundi kina kitenzi kwa jambo hilo: *kunena*. Mswahili alisikiapo neno hili hudhani kwamba watu wanazungumza, maana kwetu kunena ni kusema. Kwa Kirundi ni kuona kinyaa, kukataa kugusa au kula pamoja, na neno hilo huambatanishwa na jina la watu: kunena Abatwa. Tumefundisha lugha hizi mbili zikiwa jirani kwa miaka mingi, na hakuna neno linalotupa taabu zaidi ya hili, ambalo upande mmoja wa mdomo ni kuongea na upande wa pili ni kukatia mtu maongezi.

Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 iliwapa Batwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti. Hilo ni jambo kubwa. Lakini sheria haiingii katika kata ya maji, nasi tunayo sababu ya kulijua hilo.

Tulipokuwa walimu wachanga tulikwenda kununua mtungi kwa mama mmoja mfinyanzi, Mtwa, ambaye kazi yake ilisifiwa kote. Tulipanda kilima wakati wa adhuhuri. Alitukaribisha kivulini, akateka maji katika kata, akasema, "Jua ni kali, mwalimu. Kunywa kwanza, ndipo tuseme bei." Tukasema tumefunga. Haikuwa Ramadhani, haikuwa hata Jumatatu wala Alhamisi. Mama yule hakusema neno. Aliyarudisha maji, akaifuta kata kwa upindo wa kitenge chake, akaitundika, akatuonyesha mitungi. Tulichagua mmoja, tukalipa bila ya kupunguziwa, tukaubeba hadi nyumbani, tukaujaza maji, na kesho yake tukayanywa yakiwa baridi, matamu, yenye ile harufu ya udongo tuipendayo. Mikono iliyoufinyanga mtungi ule ndiyo iliyotupa kata. Iliulainisha ndani na nje, kila mahali maji yagusapo. Tumbo letu halikulalamika hata kidogo.

Tumelitafakari jambo hili mara nyingi. Kama kinyaa kingekuwa hofu ya uchafu, mtungi ungetuchusha kuliko kata. Haukutuchusha, kwa kuwa kuununua mtungi hakukututaka tuwe sawa na mwenye kuuza. Kunywa katika kata kungalitutaka. Hapa basi ndipo tunapoona mpaka wa ile haki tuliyoiuliza mwanzoni. Mtu ana haki ya koo lake. Haki hiyo haimpi idhini ya kukifanya koo lake kuwa mizani ya kupimia watu. Na mara nyingi, kama ilivyokuwa kwetu, hilo tuliitalo koo halikuwa koo, ila ni cheo kilichojificha kooni.

Kuna upande wa pili, nao tusiuruke. Wapo watu ambao, wakisikia maneno kama haya, hugeuka kuwa mabingwa wa kuwadhihaki wenye kinyaa. Humtilia mwenzao kitu asichokila ndani ya mchuzi, akisha kula wakamwambia, wakacheka. Twaona tendo hilo ni baya kuliko lile la kuziba pua. Mwenye kuziba pua amekinyima heshima chakula; huyu ameingia ndani ya mwili wa mtu bila ya ruhusa. Katika miji yetu ya ziwani, harusi ikiwa na wageni wa dini mbalimbali, ni kawaida mnyama kuchinjwa na Mwislamu, ili sahani moja iweze kuwazunguka wote. Wakristo wengi hawaoni kwamba wamepungukiwa na kitu. Ni mapatano madogo, yasiyoandikwa popote, nayo yanaweza kuvunjika. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere, mkoa wa Geita, Tanzania, ugomvi juu ya nani achinje ulifikia kumwaga damu, na mchungaji mmoja akauawa.

Darasani hatukuwa na dawa kubwa. Yule kijana wa mlenda tulimwita, tukamwomba atuandikie tena insha yake ya kwanza, kwa kuwa tulitaka kuihifadhi. Alitazama chini, akasema, "Nimeisahau, mwalimu." Hatukumshurutisha. Tangu mwaka ule tumebadili kichwa cha insha. Sasa twaandika ubaoni, "Chakula Kinachonishinda", na twaweka sharti moja la sarufi: kila sentensi yenye kukikataa chakula lazima iwe na msemaji wake ndani yake. *Chanichusha. Sikiwezi. Chanishinda.* Asiyeitia ile *-ni-* hurudishiwa daftari. Baadhi ya walimu wenzetu wametuambia kwamba huko ni kuifanyia sarufi kazi isiyo yake. Huenda wana haki. Lakini tumeona mambo ya ajabu kidogo. Mtoto akilazimika kuandika kwamba kitu chamshinda *yeye*, aghalabu huendelea kueleza kwa nini, na katika kueleza humtaja mtu asiyeshindwa nacho, shangazi, mjomba, jirani, naye humtaja bila ya dhihaka.

Mwaka jana msichana mmoja aliandika juu ya kumbikumbi. Alisema kwamba hawezi kuwatia kinywani, hata wakikaangwa. Mabawa yao humkumbusha jambo ambalo hakulieleza. Kisha akaandika: "Lakini kaka yangu anawapenda, na usiku akienda kuwakamata mimi humshikia taa." Mahali pamoja alikuwa ameandika "kumbikumbi wanashinda". Tukamtilia ile silabi kwa wino mwekundu, na penginepo hatukugusa kitu.